Muulize Shangazi Masjala: Siku thelathini zinaanza kuhesabiwa wapi?

Wiki hii nina barua tatu. Ya kwanza imenikalisha kitako, hizo mbili nyingine zitanisamehe nikizipitia haraka haraka.

Shikamoo Shangazi. Mimi nipo kitengo cha sheria kwenye taasisi moja ya serikali hapa Dodoma, msaidizi wa kumbukumbu, nina mwaka na miezi minne kazini. Napokea nyaraka za mahakama, nafungua majalada, naandika tarehe kwenye diari ya kesi napeleka kwa mawakili. Sasa kuna kesi tumeshindwa Mahakama Kuu, hukumu ilisomwa tarehe 4 Machi, nakala ikaletwa ofisini tarehe 24 nikagonga mhuri nikaandika kwenye diari "rufaa, mwisho 23 Aprili". Wakili akasaini dispachi, lile daftari la kukabidhiana majalada, kesho yake, jalada likabaki mezani kwake yeye akaenda safari ya kikazi. Karudi tarehe 10 Aprili ndo anagundua muda umepita. Kanifokea mbele za watu, anasema nitaandikiwa barua ya kujieleza, halafu jioni kanifuata kwa upole kabisa eti tuyamalize wenyewe, niandike upya ule ukurasa wa dispachi ionekane jalada limemfikia tarehe 9. Shangazi sijalala siku tatu. Kosa ni langu? Nifanyeje?
*Mwenye Mhuri, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Wewe nilishakupigia siku ileile barua ilivyonifikia maana mambo ya siku hayasubiri gazeti kutoka, hapa naandika kwa ajili ya wenzio ambao najua wako wengi.

Kosa unalo, ila sio lote, na lako ni dogo kwa kulitazama ila ndo hilohilo linalokula kesi za watu. Ulihesabu kutoka kwenye mhuri wako. Mhuri wa kupokelea tumefundishwa kuuheshimu, na kwenye barua za kawaida ni sawa, barua imefika leo basi leo ndo mwanzo, lakini notisi ya rufaa ya kwenda Mahakama ya Rufani, ile karatasi ya kusema mnakusudia kukata rufaa, haijali nakala imekufikia lini. Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 zinasema siku 30 tangu tarehe ya uamuzi wenyewe. Siku ya kusomwa huihesabu, kwa hiyo hukumu ya tarehe 4 Machi unaanza moja tarehe 5, tarehe 31 unakuwa na 27, na ya 30 inaangukia tarehe 3 Aprili. Ndo basi. Nakala inaweza ikachukua wiki ikachukua miezi, notisi haiisubiri, unaipeleka hata kama hukumu yenyewe hujaishika mkononi.

Na humohumo ndani ya siku 30 kuna barua moja ya ukurasa mmoja ambayo vijana wengi wanaidharau, ile ya kumuomba Msajili nakala za mwenendo na hukumu. Mwenendo wa shauri unachapwa taratibu jamani, sasa kumbukumbu za rufaa, yaani kabrasha la rufaa yenyewe, zinatakiwa ziingie ndani ya siku 60 tangu notisi iingizwe mahakamani, na siku 60 zinaisha mwenendo haujatoka. Hapo ndo Msajili anatoa cheti cha kuziondoa zile siku zilizoliwa na kuandaa nakala. Lakini cheti hicho kinakusaidia tu kama ile barua iliandikwa ndani ya muda na upande wa pili ukapelekewa nakala yake. Nimeona jalada lina barua nzuri, ina mhuri wa mahakama, kila kitu, ila hakuna pa kuonyesha kwamba wale wenzetu waliipokea, basi cheti kikawa karatasi tu. Kwa hiyo ukishapeleka hiyo barua kwa upande wa pili rudi na nakala yenye saini, jina na tarehe, ikae kwenye jalada kama folio, yaani karatasi yenye namba yake, sio kwenye droo yako. Na notisi yenyewe ukishaiingiza mahakamani una siku 14 za kuwapelekea wapinzani, hiyo nayo iandikie mstari wake.

Sasa turudi kwa wakili wako. Tarehe 4 Machi hukumu haikusomewa ukuta. Kuna mtu wa ofisi yenu alikuwepo pale, kama sio yeye basi mwenzake aliyemshikia, na huyo aliisikia kwa masikio yake kwamba mmeshindwa. Alirudi na jalada? Aliandika humo ndani nini kimetokea na nini kifuate? Kama hakuandika, wewe wa masjala ungeota? Kwenye barua yako ya kujieleza usimshutumu mtu, andika tarehe tu, tarehe zinaongea zenyewe. Tarehe 4 hukumu imesomwa. Tarehe fulani jalada limerudi masjala, au halikurudi. Tarehe 24 nakala imepokelewa. Tarehe 25 jalada limesainiwa kwenye dispachi. Na lako liseme wazi, kwamba uliandika 23 Aprili kwa kuhesabu kutoka tarehe ya kupokea, na sasa unaelewa ilipaswa kuwa tarehe 3. Ukificha lako hata ya kweli hayataaminika. Toa fotokopi ya ule ukurasa wa dispachi uambatanishe, pitisha kwa mkuu wako wa masjala, baki na nakala iliyogongwa mhuri.

Ukurasa mpya usiandike. Sikwambii kwa ajili ya dhambi tu, ingawa kughushi nyaraka ni jinai na kumbukumbu za serikali zina sheria yake kabisa ya mwaka 2002, nakwambia kwa sababu hata kesi haisaidii! Fikiria mwenyewe, muda ulikwisha tarehe 3, hiyo dispachi ya tarehe 9 inamuokoa vipi? Inamuokoa yeye kwa bosi wake, basi, na inakuzamisha wewe. Kinachotakiwa sasa ni maombi ya kuongezewa muda, yanaanzia Mahakama Kuu, na huko hawana masihara. Tangu kesi ya Lyamuya Construction, maombi namba 2 ya 2010, kila wakili anaijua hiyo, muombaji anatakiwa aeleze ucheleweshaji wote, asiwe amechelewa kupita kiasi, na aonyeshe alikuwa anahangaika sio kalala. Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi hata siku moja iliyopotea lazima ielezewe. Na uzembe wa wakili peke yake huwa sio sababu ya kupewa muda, wala wa karani.

Umeona sasa? Siku tatu ambazo nyie wawili mmekuwa mnavutana kuhusu dispachi ni siku tatu nyingine za kuelezea. Halafu kwenye maombi hayo wakili ataapa kiapo, akitaja masjala na wewe itabidi uape cha kwako, maana mtu haapii mambo ya mwenzake. Utaapa kwa daftari lipi, la kweli au la kughushi? Wakili wa upande wa pili akiomba daftari lenyewe liletwe aone kurasa zinavyofuatana, wino mmoja mpya katikati ya kurasa zilizochakaa, utasema nini.

Kwa kuwa umeuliza ufanyeje, nikupe nilivyokuwa nafanya mimi. Nilikuwa na kaunta buku moja kubwa, limefunikwa na gazeti na nailoni, nimechora mistari kwa rula. Kila nyaraka ya mahakama ikiingia naandika kwanza *kimetokea nini na lini huko*, ndo naandika *imetufikia lini*, ndo *siku ngapi na zinahesabiwa kutoka ipi kati ya hizo mbili*. Hiyo ya tatu ndo roho ya kazi. Maana utetezi wa maandishi kwenye kesi ya madai ni siku 21 tangu upelekewe samansi, hapo mhuri wako ndo mwanzo, tofauti na notisi ya rufaa. Ukichanganya hizo mbili umekwisha. Nilipokuwa sina uhakika nilikuwa naandika tarehe ya mapema kati ya zote mbili halafu naenda kumuuliza wakili, na namuomba aandike jibu kwa mkono wake ndani ya jalada. Wengine walikuwa wananiona msumbufu. Sawa tu.

Siku ya mwisho sikuwahi kuiandika kama siku ya kazi, nilikuwa naandika siku ya 15, ya 22 na ya 27 kwa kalamu nyekundu, na kila Jumatatu saa mbili na nusu kabla chai haijaja natoa orodha ya wiki napitisha meza kwa meza wanasaini. Wakili akiwa safarini jalada haliachwi mezani kwake, linarudi masjala au linapewa mwenzake, na mkuu wa kitengo anajua. Ukimuona mtu anaaga uwanja wa ndege jalada liko chini ya kikombe chake, lichukue. Jumamosi au sikukuu ikiangukia siku ya mwisho wanasema unasogea mpaka mahakama ifunguliwe, ni kweli, ila usijenge nyumba yako hapo.

Na mapokezi! Hii nikiiacha sitalala. Anayetaka kuishtaki serikali anatakiwa atoe notisi ya siku 90 kwanza, inaenda kwa wizara au taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Zile siku 90 ni mali, ndo muda wa kukusanya mkataba, risiti, mashahidi kabla hawajastaafu, au kukaa mezani mkayamaliza. Mimi ofisi moja niliyofanyia kazi notisi ilikaa wiki mbili mapokezi kwenye trei ya mialiko ya semina kwa sababu bahasha ilikuwa nzuri na ina nembo. Dada wa mapokezi hakuwa mjinga, hakuna aliyewahi kumwambia notisi inafananaje. Nikachukua notisi ya zamani nikaitolea fotokopi nikaibandika ukutani pale ndani ya dirisha lake, nikazungushia duara maneno "kusudio la kushtaki". Haikupotea tena hata moja.

Mwisho kwako, ukisainia nyaraka ya mahakama usichore tu saini, andika jina, cheo, tarehe na saa. Na nyaraka ambayo sio ya ofisi yenu usiipokee kwa huruma eti huyu mpeleka samansi kachoka na jua.

Mambo Shangazi, nimemaliza diploma ya sheria Lushoto mwaka jana, naona nafasi za msaidizi wa kumbukumbu zinatoka kwenye Ajira Portal, naomba sipati hata meseji ya usaili. Kuna ujanja gani?
*Nimechoka Kusubiri, Korogwe*

Poa mwanangu. Ujanja ni kusoma ile sehemu ya sifa za muombaji mpaka nukta. Msaidizi wa kumbukumbu wanataka mtu aliyesomea utunzaji wa kumbukumbu, kama wale wa Chuo cha Utumishi wa Umma, diploma yako ni nzuri ila sio ya mlango huo. Angalia nafasi zinazotaja sheria, na kumbuka Mahakama yenyewe inaajiri watumishi wake kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama, matangazo yao yako tofauti na ya Sekretarieti ya Ajira, wengi wa Lushoto nawashangaa hawaangalii huko. Halafu angalia majina yako, ya cheti cha fomu foo, cha chuo na cha NIDA, yafanane. Result slipu hawapokei. Barua ya maombi iwe na saini, nimeambiwa watu wanapakia barua haina saini halafu wanalia wamerogwa. Na ukiitwa, mchujo wa kuandika unakuja kabla ya wa mahojiano, usiende umekariri kujieleza tu.

Habari za siku dada yangu, sisi ni rika moja, nimebakiza miaka miwili kustaafu. Vijana ofisini wananicheka kwa daftari langu la tarehe za kesi, wanasema sasa hivi kesi zote zipo kwenye mfumo wa Mahakama, tarehe zinakuja kwa meseji, nyaraka unatuma umekaa. Nilitupe?
*Mzee Kaunta Buku, Tanga*

Nzuri kaka yangu, za huko? Usilitupe, na mfumo usiukatae, ni mzuri, tumeteseka sana na foleni za dirishani mimi na wewe. Kanuni za kusajili kwa kielektroniki za 2018 zinakupa mpaka saa sita usiku, zamani karani akifunga dirisha saa tisa na nusu ulikuwa unarudi na bahasha yako. Lakini waambie hao vijana saa sita usiku ni ya dharura, umeme ukikatika saa tano na nusu na skani ina kurasa 400 watamlilia nani? Wapakie saa nane mchana, kama kuna kasoro nyaraka ikirudishwa bado kuna watu ofisini.

Halafu mfumo ni wa Mahakama, unajua tarehe za Mahakama. Notisi ya siku 90 inayoletwa na bodaboda haimo humo, na haitakwambia kwamba wakili wako anaenda likizo wiki ambayo siku zinaisha. Hiyo iko kwako kwenye daftari.

Na hizo meseji, kabla hamjazitegemea, ingieni kwenye akaunti ya ofisi muangalie zinaenda namba ya nani. Mwaka wangu wa mwisho kazini tulikaa miezi tunajiuliza mbona meseji za kesi hazifiki, tukasema mtandao, tukasema mfumo, kuja kufungua kumbe namba iliyomo ni ya kijana mmoja alishahamia halmashauri nyingine muda mrefu, zote alikuwa anapata yeye, akiziona anafuta.