Siri niliyopewa tukibangua korosho

Mimi na somo yangu tulikuwa na jina moja, dawati moja na, kwa miaka miwili, siri moja. Yeye ndiye aliyeniruhusu niandike haya, kwa sharti kwamba jina letu nisilitaje.

Tulikuwa kidato cha pili, Mtwara mjini. Kwao ni Newala, na alipopata shule ya mjini wazazi wake wakamweka kwa ndugu. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kaswida, hawezi kupita penye watoto wanaocheza asijiunge. Baada ya likizo ya Juni alirudi mwingine. Akawa anavaa sweta mchana kutwa, mpaka Novemba, na anayelijua joto letu la Novemba ataelewa ninachosema. Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, yeye anabaki kufagia darasa ambalo zamu yake haijafika. Walimu wakamsifu kwa bidii. Mimi nikaona amepata maringo, hataki tena kuongozana nami, nikamnunia karibu wiki nzima.

Wiki ile inaniuma mpaka leo, kwa hiyo nianze nayo. Rafiki mwenye jeraha la ndani anaweza asionekane na huzuni hata kidogo. Utamwona mkali, au mzembe wa ghafla, au mchapakazi asiyetaka kurudi nyumbani. Kabla hujamnunia, kumbuka alianza lini kubadilika, na wakati huo alikuwa anaishi wapi na nani.

Aliniambia Jumamosi moja, uwanjani kwa bibi yangu, Naliendele. Tulikuwa tunabangua korosho. Mnaoifanya kazi hii mnajua: bati liko motoni, mafuta ya maganda yanawaka, moshi unawasha macho, na mikono lazima uipake majivu isiungue. Ukibangua humtazami mwenzako, unatazama jiwe lako. Nadhani ndiyo maana aliweza. Nisingepata neno lolote kama ningemkalisha kitako na kumkazia macho. Alisema kwa sentensi mbili nani alimfanyia nini katika nyumba ile, akaendelea kugonga. Machozi yalipomtoka akasema ni moshi.

Kisha akasema, "Usimwambie mtu." Nikaapa.

Nilikitunza kiapo kile mpaka tulipokuwa kidato cha nne, nikiamini kwamba ndio urafiki wenyewe. Na kila jioni nilimtazama akishika njia ya kurudi kwenye nyumba ile ile.

Huku kwetu msichana anafundwa kutunza siri, nami siyadharau mafundisho hayo. Niliyoambiwa unyagoni sijawahi kuyaandika na sitayaandika. Lakini hakuna kungwi aliyenifunda nimfichie mtu anayemwumiza mtoto. Hilo tulijifunza kwa watu wazima wa kawaida, wale ambao jambo lilipofichuka hatimaye walikaa kikao cha ukoo wakasema funika kombe mwanaharamu apite. Walizungumzia faini. Walizungumzia jina la familia. Somo yangu alikuwa chumba cha pili, anasikia.

Mwaka wa tatu huu naandika riwaya ya vijana kuhusu wasichana wawili wa namna yetu. Jumapili jioni huwa nawasomea kurasa zake mabinti wa mtaani, barazani kwangu, na sahani ya ming'oko katikati. Katika rasimu ya kwanza rafiki anaitunza siri mpaka mwisho, na nilikuwa nimelipamba jambo hilo, nimelifanya uaminifu wa ajabu. Nilipomaliza, binti mmoja wa kidato cha kwanza akaniuliza, "Dada, sasa huyu mbona hajamwambia hata bibi yake?"

Sikuwa na jibu. Siku ile bibi alikuwa hatua kumi kutoka tulipokaa, anapepeta. Alikuwa kungwi, mwanamke ambaye wanaume wa mtaa mzima walishusha sauti mbele yake. Tungemwita tu.

Nikaifuta sura yote nikaiandika upya, na yaliyo humo ndiyo ninayokwambia wewe unayemficha mwenzako hivi sasa. Usiape. Akisema usimwambie mtu, mwambie: "Nakuamini, wala sitakutangaza, lakini sisi wawili hili hatuliwezi. Tuchague mtu mmoja mkubwa." Mwache achague yeye: shangazi, mwalimu, kungwi wake, mama wa jirani. Nenda naye, kaa pembeni yake, maneno yakimkwama umsaidie kuanza. Usimuulize kwa nini hakupiga kelele, wala kwa nini amechelewa kusema. Na mtu mkubwa wa kwanza akiwafokea, tafuteni wa pili siku hiyo hiyo.

Kama ni jambo la kubakwa, saa zina maana kubwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Asioge kabla ya kupimwa hospitali, wala nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na huko ndiko hutolewa fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali kupimwa. Lakini hata kama miaka imepita, kusema bado kunafaa. Kuna namba 116 ya simu kwa mtoto, haikatwi salio, na unaweza kuipiga wewe rafiki. Kuna afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri. Nanyi watu wazima mnaosoma hapa: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kikao cha ukoo hakiwezi kuwaondolea wajibu huo.

Jambo moja kuhusu hadithi, kwa walimu na wazazi. Msichana ambaye hawezi kusema "mimi" anaweza kusema "yule wa kwenye kitabu". Ukisoma na watoto, waulize yule angefanya nini, nani angemsikiliza, anaogopa nini. Usimgeukie mmoja na kumuuliza kama yamemkuta. Funga kitabu, kisha usiwe na haraka ya kuingia ndani. Mimi hukaa barazani nikiosha sahani, polepole. Kuna siku mmoja alibaki akanisaidia kuosha. Yake siyaandiki hapa, ila kesho yake tulikwenda pamoja.

Sura mpya nilimtumia somo yangu kabla ya mtu yeyote. Siku hizi anaishi Masasi, ana watoto wawili. Alikaa nayo siku nne, kisha akanipigia simu usiku. Alikuwa na sahihisho moja tu.

"Pale ulipoandika kwamba ni moshi," akasema, "andika kwamba nililia."