Sauti yangu inazungumza na mama, mimi mwenyewe sipo

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Nafanya kazi ya ulinzi Doha, mwaka wa tatu sasa. Mama yuko Tanga, ni mtu mzima, mguu unamsumbua. Nikitoka zamu nakuwa nimechoka, sina hata la kusema. Basi nikaipa programu ya akili bandia sauti yangu na habari za nyumbani, ikawa kila siku inamtumia mama ujumbe kwa sauti yangu: salamu, dua, kumuuliza mguu. Akijibu, nayo inamjibu. Mama amefurahi, anasema siku hizi namjali kuliko zamani. Juzi kaniuliza, "Umekula nini leo, mwanangu?" Ikamjibu nimekula wali na samaki. Siku hiyo nilishinda na chai. Tangu hapo moyo mzito. Je, huku ni kuunga udugu au napata dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Huo uzito wa moyo ni neema, mwanangu, usiufukuze.

Chombo chenyewe sikiharamishi. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Bibi zetu wengi hapa pwani hawakujua kuandika. Walikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani, wakamtajia maneno, naye akayaandika. Maneno yalikuwa yao, na aliyepokea barua alijua mkono ni wa mwalimu. Programu ikikukumbusha kupiga simu au ikikusaidia barua ya kuomba likizo, hakuna ubaya.

Lako si hilo. Imam Muslim amepokea kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na majimaji. Akauliza, "Nini hiki, ewe mwenye chakula?" Akajibiwa kwamba imenyeshewa mvua. Akasema: "Mbona hukuiweka juu watu wakaiona? Mwenye kughushi si katika mimi." Katika kisa hiki hatusikii kwamba yule bwana alitamka uongo. Kavu ilikuwa juu, mbichi chini, basi. Na mama yako anaweka simu sikioni, anasikia sauti ya mtoto aliyemzaa, labda anamwita jirani naye aje asikie. Juu ni kavu. Akiingiza mkono, mtoto hayumo. Ama lile la wali na samaki limeshavuka mpaka: ni uongo mtupu, na ulimi uliousema umeuazimisha wewe, kwa hiyo hesabu yake ni yako.

Utaniambia, lakini amefurahi. Mtu mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) kumpa ahadi ya hijra, akasema amewaacha wazazi wake wakilia. Akamwambia: "Rejea kwao, ukawachekeshe kama ulivyowaliza." Ameipokea Abu Dawud. Mimi kila nikiisoma nasimama kwenye hilo neno "rejea". Hakuambiwa apeleke mjumbe wala zawadi, na vyote viwili vilikuwepo zama hizo. Wewe leo huwezi kurejea kwa miguu, una mkataba, na kumtafutia mama riziki ya halali ni ibada. Lakini kwa simu unaweza. Saa za Doha na za Tanga ni zile zile, hakuna tofauti hata ya dakika. Mama akimaliza Isha na kukunja mswala, kwako nako ni usiku ule ule.

Unasema huna la kusema. Katika Suratul Israa tumekatazwa kuwaambia wazazi hata "ah!" Na hiyo "ah" ni nini, kama si pumzi ya mtoto aliyechoka? Aya inakujua, na ndiye wewe inayekusemesha. Haikukuamrisha kuwa na maneno mengi, imekutaka uwe na kauli ya heshima. Dakika tatu zinatosha. Siku nyingine mtakaa kimya, umsikie anavyohema, anavyolalamikia mguu kwa mara ya kumi. Huko ndiko kuunga udugu.

Na kuna jambo linaniuma zaidi ya uongo wenyewe. Siku ile bila shaka alimshukuru Mungu kwa samaki ambaye hukumla. Kumbe ungemwambia una njaa, angekuombea juu ya njaa yako, na dua ya mzazi kwa mwanawe ni katika dua zisizorudishwa. Umemfunga mlango wa kukuhurumia, naye ni mama, hiyo ni haki yake kama ilivyo haki yake kuulizwa mguu.

Basi izime leo hii, ufute na sauti yako humo, na ulete istighfari. Kumwambia ukweli je? Huenda mtu akakushauri unyamaze ili usimvunje moyo. Mimi naona umwambie, kwa upole, kwa kinywa chako, si kwa ujumbe. Akikasirika, vumilia, akilia, usikate simu. Ukikosa pa kuanzia, anza na ile chai.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.