Duaradufu haikuzwi kama duara

Wiki hii msomaji ameniandikia kwa hasira: kachora duaradufu kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea, kapiga OFFSET, amri ya kuchora mstari wa pili kwa umbali uleule kutoka wa kwanza, mstari huo ukaja kuwa splaini, yaani mkunjo huru, si duaradufu. Anauliza kama programu imeharibika. Haijaharibika, ndugu yangu, ila umenitonesha kidonda.

Nikiwa bado mgeni kazini, bosi alinirudishia mchoro wa fremu ya kioo mbele za watu. Alitaka ukingo wa milimita 10 kuzunguka kote. Alipobofya mstari wa nje akakuta splaini, akasema sijui kuchora. Akafuta, akachora mwenyewe duaradufu mbili: ya ndani, kutoka kitovuni hadi ncha ya mbali 100, ncha ya karibu 40, ya nje, 110 na 50. Ikapendeza kweli. Mimi nikaanza kupima. Kwenye ncha zote nne, 10 kamili. Nikasogea kati ya ncha na ncha, nikapima kwa pembe mraba kutoka mstari wa ndani: upana ukashuka hadi 9.2 hivi. Nikamwonyesha. Akanyamaza, na samahani sijaisikia hadi leo.

Mstari unaokaa umbali uleule kutoka kwenye duaradufu si duaradufu. Duara ukilipanua linabaki duara, ndipo watu wanapopotea. Mlinganyo wa duaradufu unaishia kipeo cha 2. Wa mstari sambamba nayo unafika kipeo cha 8. SCALE, amri ya kukuza umbo zima, ndiyo mbaya zaidi: kuza ile ya 100 na 40 mara 1.1, utapata ukingo wa 10 huku na 4 kule.

Kwa hiyo pimeni, jamani! Mnaamini macho mno. Na kama mashine yako ya kukatia haielewani na splaini, weka PELLIPSE, mpangilio wa AutoCAD wa aina ya duaradufu, iwe 1 kabla ya kuchora. Duaradufu itakuja kama polilaini ya matao, yaani mstari mmoja wa vipande vya duara vilivyounganishwa, na OFFSET yake itakuwa polilaini vilevile. Ni makadirio, lakini ya karibu sana.

Kwenda ndani kuna mpaka. Chukua vipimo vya kutoka kitovuni: zidisha kifupi kwa chenyewe, gawanya kwa kirefu. Ukivuka jibu hilo, ncha mbili za mbali zinachongoka, au mistari inapishana, kutegemea programu. Msomaji wangu, yako ni 90 na 30, kwa hiyo mpaka wako ni 10. Wewe umeomba 15.