Sanaa, usanifu na mfuko wa unga wa kilo 25

Swali: "Mwalimu, jambo. Mimi ni kijana wa Lubumbashi, kazi yangu ni kuchora nembo, mabango na mifuko ya bidhaa. Majuzi niliwaonyesha wenzangu wa kazi, katika kundi letu la simu, mchoro wa mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25. Mama ameinama mbele ya chungu, ameshika mwiko, moshi unapanda, na ndani ya moshi nimeandika jina la kinu kinachosaga unga huo. Mmoja akajibu: 'Hii haiko dizaini, iko sanaa tu.' Wengine wakamuunga mkono. Je, amesema sawa? Sanaa, usanifu na ubunifu ni mamoja? Na kwenye kadi yangu nijiite msanii, msanifu au mbunifu?"

Jambo sana, mdogo wangu. Mchoro uliouambatanisha nimeutazama kwa muda mrefu na nitaurudia. Kwanza sentensi ya mwenzako.

"Iko" na "haiko" nayaacha yalivyo. Ndivyo tunavyosema hapa, toka mtaa wa Kenya hadi Katuba. Ukimwandikia mtu wa Mombasa au Dodoma, weka "ni" na "si", maana kwake "iko" inaeleza mahali kitu kilipo. Ukimwambia "iko sanaa" atangoja umwambie iko wapi. Hilo ni dogo. Kinachoniuma katika sentensi ile ni "tu".

"Sanaa tu." Yaani kuna ngazi, dizaini iko juu, na sanaa ni kile kilichobaki chini baada ya kazi kushindwa. Nimesikia pia watu wakiigeuza ngazi hiyohiyo: "Yeye si msanii, ni mtu wa mabango tu." Ngazi hii haikutoka katika Kiswahili. Tumeibeba kutoka darasani, ambako tunasoma kwa Kifaransa, ingawa Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za nchi yetu. Huko Ufaransa, mwaka 1746, mwanafalsafa Charles Batteux aliandika kitabu kilichoweka muziki, ushairi, uchoraji, uchongaji na dansi katika fungu moja la sanaa za kupendeza, mbali na kazi za mikono zinazotimiza haja za kila siku. Mgawanyo huo ulisambaa, shule zikajengwa juu yake, na leo kijana wa Lubumbashi anampiga nao mwenzake kwa Kiswahili kana kwamba maneno yetu yalizaliwa nao.

Hayakuzaliwa nao. Chukua "sanaa" lenyewe. Limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wenye herufi za sadi, nuni na ain, ambao maana yake ni kutengeneza kitu kwa ustadi. Waarabu wa leo wakitaka kusema kiwanda, hutumia neno la mzizi huohuo. Wakitaka kusema kile Wafaransa wanachokiita "art", huchukua neno jingine, "fann", ambalo sisi pia tunalo: "fani", lile la fani na maudhui katika masomo ya fasihi. Kwa hiyo tangu mwanzo sanaa ni kazi ya mkono uliofunzwa. Aliyefuma mkeka, aliyechonga mlango, aliyetia nakshi kwenye jembe la sherehe, wote wamo. Mpaka leo tunasema "sanaa za mikono" bila kuhisi kwamba tumeunganisha vitu viwili visivyopatana.

"Sanifu" wengi hulidhania ndugu wa "sanaa". Masikio yanadanganya. Mzizi wake ni sadi, nuni na fa: kupanga vitu kwa aina zake, na pia kutunga kitabu kwa mpangilio. Ndiyo maana tuna "Kiswahili sanifu", lugha iliyopangiwa kipimo baada ya kikao cha Mombasa cha 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi. Tuna pia "usanifu majengo", kazi ya kupanga nyumba kabla ya tofali la kwanza. (Na "sanamu", kwa kuwa najua mtu ataniuliza, ni mzizi wa tatu, wenye mimu mwishoni. Maneno matatu yanayofanana sura, kila moja na mama yake.)

"Kubuni" ni kuleta kichwani jambo ambalo halikuwepo. Hadithi hubuniwa, wimbo hubuniwa, hata uongo hubuniwa. Hakuna kipimo ndani ya neno hili, wala mkono. Kuna wazo linalozaliwa.

Ukiyaweka hivyo, utaona kwamba maneno haya hayagombanii kiti kimoja. Ubunifu unataja wazo, usanifu unataja mpango na kipimo, sanaa inataja ustadi na kile ustadi ulichozaa. Kitu kimoja kinaweza kubeba yote. Chukua kanga. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, ina jina, ule msemo ulioandikwa chini ya mji. Mpango huo haubadiliki, na mchoraji akiuvunja, mama atasema hiyo si kanga. Huo ni usanifu. Lakini korosho zilizopindwa kwenye mji, na namna rangi mbili zinavyogusana, nani atathubutu kusema si sanaa?

Sasa njoo kwetu. Mji huu ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Hangar. Humo walichora Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi iliyopangana, na Bela, aliyeacha brashi akapaka rangi kwa vidole. Hizo ziliitwa sanaa bila ubishi, zikaenda kwenye majumba ya maonyesho. Kisha, miaka ya 1970, mji ulijaa wachoraji wengine waliouza picha mlango kwa mlango: Mamba Muntu mwenye mkia wa samaki, au "Colonie Belge", yaani koloni la Ubelgiji, na askari wake wenye kiboko. Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wao, alichora historia ya nchi nzima kwa zaidi ya picha 100 na kuzieleza kwa Kiswahili cha hapa. Unajua alichora juu ya nini? Kitambaa cha magunia ya unga. Gunia lililokuwa limebeba jina la bidhaa likaja kubeba historia. Nilipoona mfuko wako, hilo ndilo lililonijia kwanza.

Na sikiliza neno walilolitumia wachoraji hao na wanunuzi wao walipotaka kusema picha ni nzuri. Walisema ina "ukumbusho". Picha ya sebuleni ilikuwa na kazi: kumfanya mgeni aulize, na mwenye nyumba aanze kusimulia. Basi ukiniambia kwamba dizaini ni kile chenye kazi na sanaa ni kile kisicho na kazi, nitakupeleka kwenye sebule za Katanga na hoja yako itaishia mlangoni.

Je, nasema hakuna tofauti? Ipo, na Kiswahili kinaionyesha vizuri, ila hakiionyeshi katika nomino. Kinaionyesha katika kitenzi. Sema "nimechora". Kisha sema "nimemchorea". Kiambishi kile kidogo, ambacho katika sarufi tunakiita kauli ya kutendea, kimemwingiza mtu mwingine ndani ya kazi. "Nimechora mfuko" inakuhusu wewe na mkono wako. "Nimemchorea mwenye kinu mfuko" ina watu wawili na ahadi kati yao. Mtu wa dizaini huishi ndani ya kauli hiyo: anatengenezea, anapangia, anaandikia. (Kweli, "kuchorea" hutaja pia kifaa, kama kalamu ya kuchorea, lakini muktadha hutenganisha.) Na ukumbusho wa wachoraji wetu umejengwa kwa kauli nyingine: kumbuka, kumbusha. Picha inamfanya mtu atende jambo moyoni mwake. Mchoraji wa sebule naye anamchorea mtu, na mchoraji wa bango naye anaweza kukumbusha, kwa hiyo usizitumie kauli hizi kama ukuta mpya. Zitumie kama maswali. Umemchorea nani? Mchoro wako unamfanyaje?

Tuufungue mfuko wako, basi. Bega la yule mama, jinsi lilivyoshuka upande mmoja kwa uzito wa mwiko, ni la mtu anayesonga bukari, yaani ugali, si la mtu anayejifanya anasonga. Nimekumbuka mama yangu jikoni. Ukumbusho umeupata, na usimruhusu mtu akupokonye kwa neno "tu". Lakini umemchorea nani? Mwenye kinu ndiye anayekulipa, na zaidi yake kuna mnunuzi aliyesimama sokoni. Huyo mnunuzi hauoni mfuko kama ulivyo kwenye skrini yako. Mifuko hulazwa mmoja juu ya mwingine, na kinachomfikia machoni ni ubavu na kitako. Jina ulilolificha katikati ya moshi limelala gizani. Hata ukisimamishwa, nyuzi za mfuko wa aina hiyo ni pana na wino hauingii katikati yake sawasawa: herufi zako nyembamba za kijivu juu ya moshi wa kijivu zitakatika. Mtu atatoka sokoni akisema "nataka ule wa mama", na kinu chochote kitakachochora mama mwingine kitamchukua.

Kwa hiyo mwenzako aliona kasoro ya kweli. Alikosa maneno ya kuitaja, akashika jina la fungu zima akakurushia. Angesema: "Jina limezama kwenye moshi." Au: "Nikiwa mbali halisomeki." Au: "Ubavuni hujaandika kitu." Kila moja ya sentensi hizo ina kitenzi, na kitenzi kinakupa cha kufanya kesho asubuhi. "Iko sanaa tu" haikupi kitu. Na kama alitaka kupima kwa ujumla, Kiswahili kinaruhusu kabisa kusema: "Mchoro una sanaa, lakini usanifu wake haujakamilika." Hapo hakuna kilichoshushwa, na mchoraji anajua ni upande gani wa kurudia. Nakuomba ulipeleke hilo kwenye kundi lenu. Vijana wanaoonyeshana kazi wanastahili kuambiana ukweli kwa maneno yanayosaidia.

Kuhusu kadi. "Msanii" peke yake hapa mjini litamfanya mtu akuulize unaimba bendi gani, na ukivuka kwenda Tanzania kuna wanaotumia "usanii" kwa maana ya ujanja wa kudanganya. Ni neno zuri, sitaki life, lakini kwenye kadi linahitaji maelezo mengi. "Mbunifu" linatumika sana, hasa mbunifu wa mitindo kwa nguo, na Tanzania bodi ya kusajili wataalamu wa majengo huwaita wabunifu majengo, pale ambapo wengine wangesema wasanifu. Halina kosa. Mimi binafsi huona ubunifu ni sifa, na sifa napenda watu wengine wanipe. "Msanifu" ndilo ninalokushauri, ila usiliache peke yake, kwa sababu watu watakuja na kiwanja wakitaka ramani ya nyumba. Litajie kitu: "Msanifu wa nembo, mabango na mifuko". Mama wa duka asiye na habari ya mabishano yetu atajua mara moja akuletee nini. "Nembo" lenyewe ni neno la zamani; kabla ya kuwa alama ya bidhaa, lilitaja pia chale za mwilini zilizomtambulisha mtu. Beba neno hilo kwa fahari. Na "dizaini" la kila siku si dhambi, limeshaingia: dizaini hii, dizaini hizi. Mdomoni liache, kwenye kadi tumia msanifu.

Mambo mawili ya tahajia na sarufi, kwa kuwa nimeyaona katika barua yako ndefu ambayo sikuichapa yote. Umeandika "kazi ya sana" mara tatu. Hapa kwetu irabu ndefu hufupishwa kinywani, lakini kwenye maandishi "sana" ni nyingi mno na "sanaa" ndiyo hii tunayoizungumzia. Ain ya Kiarabu ilipotea njiani ikatuachia a mbili zinazofuatana, nazo husomwa zote: sa-na-a. Bango lenye herufi za ukubwa wa mita moja halisamehe a iliyosahauliwa.

Pia umeandika "usanifu mbili". Usanifu hauhesabiki, kama vile uzuri usivyohesabika. Sema "kazi mbili za usanifu", au "michoro miwili". Sanaa, yenyewe, inakubali: sanaa hii, sanaa hizi. Ukishahamisha jina la kinu likashuka chini ya chungu na kupanda ubavuni, nitumie michoro yote miwili, wa kwanza na wa pili. Yule mama usimguse.