Barua kwa mwanangu: kuhusu uraia wa Kanada

Ulyankulu, Tabora

Mwanangu,

Dada yako amenisomea ujumbe wako. Unauliza: siku zao 1,095 za kuishi huko zimetimia, uombe uraia wa Kanada au ubaki na wetu, maana sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika vyote viwili. Nitalifikia swali hilo. Ila kuna jambo la kukana kwenu ambalo hukuniuliza.

Ulikuwa bado shule ya msingi. Mwaka 2007 sisi wakimbizi wa Burundi tulioingia Tanzania 1972 tuliulizwa kama tunarudi Burundi au tunabaki. Tukachagua kubaki, tukaukana uraia wa Burundi. Mwaka 2010 ikatangazwa tumekubaliwa, watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Vyeti? Hakuna. Kwanza tuhame, tutawanywe mikoa mingine. Ndiyo maana ukuta wa marehemu baba yako ulikomea kwenye madirisha. Nani aezeke nyumba ya kuiacha?

Wakati ule ndipo mjomba wako alipofariki Kasulu. Nikaenda kuomba kibali cha kutoka makazini. Nikajibiwa vibali ni vya wakimbizi, mimi ni raia sasa. Nikapanda basi. Njiani askari akaniuliza: kama ni raia, cheti kiko wapi? Sina. "Basi wewe mama ni wa nani?" Basi zima likaninyamazia. Nikashushwa na kapu langu la unga wa msibani, na kaka yangu akazikwa mimi sipo. Swali lile bado linanichoma.

Mnajua ninavyosema siku zote: mtu ni wa pale anapodaiwa mchango. Baba yenu alipofariki, majirani Wanyamwezi walifika na kuni kabla sijamaliza kupiga simu kwa ndugu, na mama mmoja akafungua daftari akaanza kuandika majina. Hapo sikuulizwa cheti.

Lakini hapohapo najibishana mwenyewe. Mbona tulichangia matofali ya shule tukiwa wakimbizi, tumbaku yetu ikakatwa ushuru, na bado tukaitwa wageni? Kumbe mchango peke yake hautoshi. Vyeti vilipotoka mwishoni mwa 2014, nilikishika changu kwa mikono miwili. Na mwaka 2015 nikapiga kura. Mwanangu, ule wino! Nilikuwa nasonga ugali huku nakitazama kidole changu, nacheka peke yangu jikoni.

Kwa hiyo sikuambii karatasi si kitu. Nakuuliza tu: huko, jirani akifiwa, wanakugongea mlango? Wakitaka kuchangishana, wanakukumbuka? Kama ndiyo, hao ni watu wako, na huenda kiapo kwa Mfalme Charles kisikupunguzie kitu. Ila nikifa, utakuja kunizika kwa viza, mwanangu? Upangwe mstari wa wageni uwanja wa ndege, wewe uliyezaliwa hapa?

Basi, ninyamaze. Ulimi unanivuta niseme usichukue, lakini mimi nilichagua nchi yangu bila kumwuliza mama yangu. Amua mwenyewe, unipigie kabla ya kuapa.

Halafu binti wa shangazi yako anaolewa baada ya mavuno. Jina lako liko kwenye daftari la kamati na mbele yake hakuna kitu. Tuma mapema, wasije wakaniuliza mimi.

Mama yako