Tuamini Utabiri Upi wa Theluji?

Swali: Mimi na wenzangu hufuatilia tufani za majira ya baridi. Zikiwa zimebaki siku 5, mfumo wa kompyuta wa Marekani wa kutabiri hali ya hewa unaonyesha theluji nzito, ilhali ule wa Ulaya unaonyesha mvua tupu. Tushike upi?

Jibu: Msishike mmoja peke yake. Mfumo wa Marekani, GFS, huendeshwa mara 4 kwa siku, kila mara kwa vipimo vipya, kwa hiyo kuyumba kwake si ajabu, hasa tufani ikiwa bado iko juu ya bahari, ambako vituo vya kupimia ni haba. Njia ya tufani ikipinda kidogo, mpaka wa mvua na theluji nao husogea, na nyuzijoto 1 au 2 tu karibu na ardhi zaweza kugeuza sentimita 20 za theluji kuwa takriban milimita 20 za mvua. Badala ya ramani moja yenye rangi za kutisha (ambayo, kwa bahati mbaya, ndiyo husambazwa zaidi), tazameni makadirio ya pamoja ya kituo cha Ulaya, ECMWF, yaani utabiri uleule ukiendeshwa kwa matoleo 50, kila toleo likianza na hali ya hewa iliyotofautishwa kidogo. Matokeo ya matoleo hayo yakitawanyika, semeni "huenda". Yakikaribiana mara kadhaa mfululizo, hapo tajeni kiasi cha theluji.