Atajwe mara moja, halafu basi

Mhariri, salaam kutoka Mtwara.

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mfanyakazi anapowapiga risasi wenzake kazini, je, vyombo vya habari vimtaje jina na kuonyesha sura yake, au vimfiche?" Jibu langu limezidi nafasi mliyotoa, lakini jambo lenyewe ni zito, naomba mnivumilie.

Nasema jina litajwe mara moja, liandikwe kama linavyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, halafu basi. Sura yake isitoke. Video aliyojirekodi isitoke. Barua yake ya malalamiko isichapwe hata mstari mmoja. Nafasi yote inayobaki wapewe waliokufa.

Sababu yangu ya kwanza naitoa Marekani, maana huko mambo haya yametokea mara nyingi mpaka yakachunguzwa. Tarehe 26 Agosti 2015, katika jimbo la Virginia, mwandishi wa kituo cha televisheni cha WDBJ cha Roanoke, binti wa miaka 24, na mpiga picha wake wa miaka 27, walikuwa hewani asubuhi wanamhoji mama mmoja. Akatokea mfanyakazi mwenzao wa zamani, aliyeachishwa kazi kituoni hapo mwaka 2013, akawapiga risasi. Wale wawili wakafa, mama yule akajeruhiwa na baadaye akapona.

Angalieni jinsi alivyojipanga. Alifika karibu nao na silaha mkononi, akangoja hadi kamera ilipomrudia yule binti. Naye alikuwa anarekodi kwa kamera yake. Akiwa bado anawakimbia polisi akaiweka video Facebook na Twitter, na kituo kikubwa cha televisheni cha ABC kikapokea kwa faksi kurasa 23 za malalamiko yake. Mtu anayetaka kisasi tu angewavizia gizani njiani. Huyu alitaka watazamaji.

Akawapata. Na mmoja wa watazamaji hao, kijana wa jimbo la Oregon, aliandika mtandaoni kwamba yule jamaa hakujulikana na yeyote na sasa anajulikana na kila mtu, na kwamba inaonekana unavyoua wengi ndivyo unavyozidi kumulikwa. Tarehe 1 Oktoba mwaka ule ule, wiki tano tu baada ya Roanoke, kijana huyo aliingia chuo cha Umpqua akaua watu 9. Mkuu wa polisi wa eneo lile alikataa katakata kulitamka jina lake.

Sidai kwamba kila muuaji wa namna hii anataka umaarufu. Wapo wenye kisasi, wapo waliovurugikiwa akili, na mara nyingi mambo hayo yanachanganyika. Lakini yule anayetaka kuonekana, kutazamwa ndiko mshahara wake, na mshahara huo hatoki kuulipa mtu mwingine ila sisi, kwa vidole vyetu, kila tunapobonyeza "tuma".

Mimi nafanya kazi kiwanda cha kubangua korosho, upande wa kuchambua. Wanawake wengi, meza ndefu, kokwa nzima huku, nusu huku, vipande huku. Siku moja wakati wa chai ya saa nne iliingia video ya mauaji ya ofisini, ya huko huko Marekani. Simu ikapita mkono kwa mkono, meza hadi meza. Nilisikiliza watu wanauliza nini. "Huyu nani?" "Walimfanya nini?" "Alifukuzwa?" Dada mmoja akasema, "Lazima walimwonea, mtu haamki tu akaua," na karibu meza nzima ikaitikia. Kwenye video ile, pembeni ya kiti kilichoanguka, kulikuwa na hotipoti ndogo ya chakula cha mchana, bado imefungwa. Mwenye hotipoti ile alikuwa nani, hakuuliza mtu.

Hilo la "walimwonea" ndilo linaloniuma zaidi. Linatoka kwenye moyo mzuri, naelewa, kwa sababu wengi wetu tumeonewa kazini na tunajua ladha yake. Lakini likisemwa kabla maiti hazijazikwa linawapandisha marehemu kizimbani, nao hawana mdomo wa kujitetea. Tarehe 31 Mei 2019, mjini Virginia Beach, mhandisi wa halmashauri ya mji alituma asubuhi taarifa ya kuacha kazi, na jioni akaua watu 12 ndani ya jengo la ofisi zao. Kumi na mmoja walikuwa wafanyakazi wenzake. Wa kumi na mbili alikuwa mkandarasi aliyekuja kufuatilia kibali. Huyo alikuwa amemwonea nini?

Na sisi Watanzania tusijione tuko mbali. Bunduki kwetu hazizagai kama huko, tumshukuru Mungu, lakini simu zimezagaa. Tarehe 25 Agosti 2021, Dar es Salaam, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliua askari polisi 3 na mlinzi wa kampuni binafsi, wote wakiwa kazini. Video zilifika huku kwetu kabla ya taarifa ya habari. Kila mtu akawa na hadithi yake ya kwa nini, na wako waliompigia makofi. Nendeni leo sokoni mkaulize jina la muuaji yule, mtatajiwa. Halafu ulizeni jina la yule mlinzi.

Mwaka mmoja kabla yake, Oktoba 2020, yalitufika hapa mkoani. Kijiji cha Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, kilivamiwa na watu wenye silaha waliovuka kutoka Msumbiji. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na video za wavamizi zikaanza kuzunguka. Fundi mmoja wa mashine kazini kwetu ana dada aliyeolewa upande ule. Siku hiyo alishinda anapiga simu haipokelewi, anaomba mtu yeyote mwenye habari za watu waliokimbia, wako wapi, wamelala shule gani. Alichokuwa akitumiwa na watu ni video za wale wavamizi, moja baada ya nyingine. Jioni alikuwa anazifahamu sura zao na bado hajui dada yake yu hai au la. (Alikuwa hai, alhamdulillahi. Alipatikana siku ya pili.)

Sasa nirudi kwenye "mara moja", maana najua wapo watakaosema asitajwe kamwe. Sikubaliani nao. Msipomtaja kabisa, watu watajaza wenyewe. Itasemwa ni wa dini fulani, wa kabila fulani, mtoto wa mkubwa fulani anayefichwa, na mtu asiyehusika anaweza kupigwa mawe kwa kufanana jina. Mkuu wa polisi wa Virginia Beach alipata njia ninayoiona ni ya haki. Alitangaza kwamba atalitaja jina la muuaji mara moja tu, akalitaja, na kuanzia hapo akamwita mtuhumiwa. Kisha meneja wa mji akasimama akawataja marehemu mmoja mmoja, picha zao zikionyeshwa, na miaka ambayo kila mmoja aliutumikia mji. Mmoja alikuwa na miaka 41 kazini. Mwingine miezi 11. Mimi sikuwahi kufika Marekani na sitarajii kufika, lakini huyo wa miaka 41 namwona kabisa, maana kila ofisi ina mtu wake wa namna hiyo, anayejua funguo zote ziko wapi.

Kuna atakayesema gazeti likinyamaza haisaidii, video zitazunguka tu. Zitazunguka kwa sababu gani? Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, waumini 51 waliuawa kwenye misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, na muuaji akayarusha moja kwa moja Facebook. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba waliotazama yakitokea hawakufika 200. Lakini ndani ya saa 24 ililazimika kuondoa au kuzuia nakala milioni 1.5 za video ile. Muuaji alirusha mara moja, zilizobaki zilitoka kwa watu wa kawaida, wengine wakidhani wanaonyesha uchungu. Waziri Mkuu wao wakati ule, Jacinda Ardern, alianza hotuba yake bungeni kwa "Assalamu alaikum", akasema hatalitamka jina la yule mtu kamwe. Sisi tulioswali Ijumaa ile na iliyofuata bado tunayakumbuka maneno yake.

Na kunyamaza kunasaidia. Vienna, Austria, magazeti yalikuwa yakiandika kwa mbwembwe habari za watu wanaojiua kwenye treni za chini ya ardhi. Mwaka 1987 yalipewa mwongozo, yakapunguza makelele, na matukio hayo yakashuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mwaka ule. Kujiua na kuua halaiki ni mambo mawili, lakini wengi wa wauaji hawa huingia wakiwa hawategemei kutoka hai.

Liko jambo lingine ambalo swali lenu halikuligusa, nami siwezi kuliacha. Watafiti wawili, Jillian Peterson na James Densley, walikusanya kumbukumbu za mauaji ya halaiki ya risasi Marekani kuanzia mwaka 1966. Wakakuta kwamba kazini ndiko yalikotokea mara nyingi kuliko pengine, kwamba wauaji wengi walikuwa wamevurugikiwa na maisha waziwazi kabla ya siku ile, na kwamba si wachache walioidokeza nia yao kwa mtu.

Msimu uliopita kijana mmoja mpakiaji magunia aliondolewa kwenye orodha ya vibarua. Akasimama getini anapiga kelele: "Mtanisikia kwenye redio! Mtanijua mimi nani!" Walinzi wakacheka. Wengine wakatoa simu kumrekodi, na kadiri simu zilivyoongezeka ndivyo sauti yake ilivyopanda. Mzee mmoja wa ghalani akapita katikati yao, akamshika mkono. "Mjukuu wangu, hebu njoo huku kivulini." Wakakaa chini ya mkorosho karibu saa nzima. Kumbe kijana alikuwa anadai siku ambazo hazikuandikwa kwenye daftari, na mkewe alikuwa amejifungua wiki ile. Mzee akaenda naye hadi kwa karani. Kazi hakurudishiwa, lakini pesa yake alilipwa, na mzee akamwambia apite tena kesho yake wazungumze. Akapita.

Sisemi kijana yule angeua. Ninachosema ni kwamba malalamiko yana wakati wake wa kusikilizwa, nao ni huo, kabla ya damu, hata kama mwenyewe anayasema kwa matusi. Damu ikishamwagika, kama sehemu ile ya kazi ilikuwa inaonea watu, waulizwe wafanyakazi waliobaki hai. Wao ndio mashahidi, na wao pia walionewa bila kumuua mtu. Kurasa za muuaji ziende kwa polisi.

Kwa hiyo wahariri, habari ya namna hii ikiwafikia, iwekeni ukurasa wa ndani, jina mara moja, bila picha yake. Mwandishi mmoja mtumeni msibani, kwa ruhusa ya wafiwa, akaandike marehemu waliishije na walikuwa wanafanya kazi gani pale. Mwingine mtumeni kazini kwao akaulize mfanyakazi mwenye dai alikuwa analipeleka kwa nani, na alijibiwa baada ya muda gani.

Msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara